Shilingi Ngapi Zinafika Wodini? Hotuba kwa vilabu vya michezo na waandaaji wa mbio za hisani, Kampala

Maafande mnaowakilisha vilabu vya jeshi, polisi na magereza, viongozi wa vilabu vya ligi, makatibu wa riadha na netiboli, waandaaji wa mbio, waganga na wauguzi, wazee wetu, bassebo ne bannyabo: habari za asubuhi, na asanteni kwa kufika kabla ya ratiba ya msimu kupangwa. Baada ya ratiba kutoka, mengi tutakayosema leo yatakuwa yamechelewa.

Kila msimu ubishi ni uleule. Kwa nini ugonjwa mmoja uvalishwe jezi na kupigiwa ngoma uwanja mzima, na mwingine usitajwe hata kwenye kipaza sauti? Na pesa iliyokusanywa kwa jina la mgonjwa, kwake inafika kiasi gani? Watu huyajibu maswali haya mawili mbalimbali. Sisi tunaona ni swali moja. Klabu ikishataja kiasi kamili na mahali kamili pa kukipeleka, inalazimika pia kueleza kwa nini imechagua pale na siyo kwingine. Upendeleo hupenda kujificha mahali ambapo hakuna tarakimu.

Tuanzie Marekani, maana desturi hii ilikomaa huko na makosa yake yalihesabiwa huko. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ilianza mwaka 2009 kuvalisha wachezaji rangi ya pinki kila Oktoba kwa ajili ya saratani ya matiti, ikishirikiana na American Cancer Society, shirika la Marekani la kupambana na saratani. Viatu vya pinki, glavu za pinki, taulo za pinki, na madukani kofia na jezi za pinki. Mwaka 2013 ilichapishwa hesabu iliyowaamsha wengi. Shabiki akinunua kitu cha dola 100, dola 50 zinabaki kwa muuzaji wa rejareja, 37.50 kwa mtengenezaji, na 12.50 zinaingia kwa ligi. Ligi inatoa asilimia 90 ya fungu lake, yaani dola 11.25. Ligi ilijitetea kwamba haitafuti faida, na kwa fungu lake utetezi huo una uzito. Lakini shabiki aliyelipa dola 100 akiwa na picha ya mgonjwa kichwani hakuambiwa dukani kwamba karibu dola 89 hazitavuka mlango wa hospitali.

Mwaka 2014, ndani ya ligi hiyohiyo, klabu ya Cincinnati Bengals ilifanya tofauti. Mchezaji wao Devon Still alikuwa na binti mdogo anayeugua saratani. Klabu ikauza jezi yake kwa dola 100 na kutangaza kwamba mapato yote yatakwenda kwenye matibabu na utafiti wa saratani za watoto katika hospitali ya watoto ya mji huohuo. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 1. Bei ni ileile, ligi ni ileile. Kilichobadilika ni sentensi moja iliyoandikwa kabla ya mauzo.

Mwaka uliofuata DeAngelo Williams, mchezaji mwingine wa ligi hiyo, ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 53, aliomba avae pinki msimu mzima. Ligi ikakataa: pinki ni ya Oktoba. Akalipia wanawake 53 kipimo cha matiti. Tunaomba mkumbuke hiyo 53, maana ni hesabu ya watu walioingia chumba cha kipimo wakatoka na majibu. Oktoba hiyohiyo ya 2015 American Cancer Society ilibadilisha ushauri wake: kipimo cha kila mwaka kwa mwanamke asiye na hatari ya ziada kianze miaka 45 badala ya 40, na kuanzia miaka 55 aweze kupima kila baada ya miaka miwili. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo viwanja vilikuwa vimepambwa kwa kaulimbiu kwamba kupima kila mwaka kunaokoa maisha. Sayansi ikasogea, na mabango yakawa tayari yameshachapishwa. Klabu isiyo na daktari wa kupitia maneno yake kila msimu itajikuta ikitangaza ushauri wa juzi.

Kelele zilipozidi, ligi ililegeza. Mwaka 2016 wachezaji walianza kuruhusiwa kuvaa viatu vyenye ujumbe wa jambo wanalolijali kwa wiki moja ya msimu, na mwaka 2017 kampeni ya Oktoba ikafunguliwa kwa saratani nyingine pia. Mwaka mmoja tu kabla ya 2016, mchezaji mmoja alipigwa faini kwa viatu vya zambarau vya kupinga ukatili wa majumbani, na mwingine kwa kuandika chini ya macho jina la utani la baba yake aliyekufa kwa saratani. Rangi moja iliruhusiwa, nyingine zikatozwa faini. Hapo ndipo neno haki linapoingia katika mjadala huu.

Sasa turudi nyumbani tufanye hesabu ya jezi yetu wenyewe. Tuseme klabu inauza jezi ya kampeni kwa shilingi 60,000, na bango linasema "sehemu ya faida itawasaidia wagonjwa". Kama muuzaji amesajiliwa kwa VAT, asilimia 18 imo ndani ya bei hiyo, kwa hiyo shilingi 9,153 ni za kodi na kinachobaki ni 50,847. Mshonaji anachukua 28,000. Kuchapa utepe na jina, 4,000. Duka linataka 8,000. Faida ni 10,847. Klabu ikitoa asilimia 10 ya faida, mgonjwa anapata shilingi 1,085, chini ya asilimia 2 ya alichotoa shabiki. Hakuna mwizi katika hesabu hii. Kila mmoja kachukua chake kihalali. Tatizo ni neno "sehemu". Bango likisema "shilingi 5,000 kwa kila jezi", klabu italazimika kukaa na mshonaji na duka kabla, na kwa kawaida bei zao hushuka mara wanapojua kwamba ahadi itasomwa hadharani.

Mbio nazo ni hivyohivyo. Wakimbiaji 1,000 kwa shilingi 30,000 ni milioni 30. Mwandaaji mwenye hofu ya kupungukiwa anaagiza fulana 1,200 kwa 12,000 kila moja, milioni 14.4. Gari la wagonjwa, maji, vyoo vya kukodi na kufunga barabara, milioni 5.6. Matangazo na muziki, milioni 4. Zinabaki milioni 6, shilingi 6,000 kwa kila aliyetoa 30,000. Tazameni zile fulana 200 za ziada, huwa zimelundikwa kwenye kona ya stoo katika mifuko ya nailoni, tarehe ya mbio imechapwa mgongoni, haziuziki tena. Hizo peke yake ni milioni 2.4. Dawa yake ni kufunga usajili wiki tatu kabla, kuagiza kwa idadi ya waliolipa, na anayechelewa akimbie na namba ya karatasi.

Ipo kanuni moja tunayoipigania kuliko zote: gharama zilipwe na mdhamini, na ada ya wananchi iende yote kwa mgonjwa. Mdhamini anapata jina lake kifuani, basi alipe hizo fulana. Kama mdhamini hajapatikana miezi mitatu kabla, punguzeni ukubwa wa shughuli. Mbio za watu 300 ambazo gharama zake zote zimepata mdhamini wa kuzilipa zinapeleka pesa nyingi hospitalini kuliko mbio za watu 1,000 zilizolipwa kutoka mfuko wa wakimbiaji.

Tukishajua kiasi, tunafika penye ubishi mkali: kiende wapi?

Wengi husema, tufuate wingi wa wagonjwa. Linasikika kama haki, lakini pesa za afya za dunia haziendi hivyo, na mchango wa klabu unaangukia juu ya mgao ambao tayari umepinda. UKIMWI, kifua kikuu na malaria vina Mfuko wa Dunia, na kwa zaidi ya miaka 20 Marekani imetoa pesa nyingi kwa UKIMWI hapa Uganda. Magonjwa yasiyoambukiza, kama saratani, moyo na kisukari, hupata kama asilimia 2 tu ya misaada ya afya inayotolewa duniani. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hata lile fungu kubwa limetikisika. Kwa hiyo orodha ya nani ana shida zaidi hubadilika, na klabu inayotegemea orodha ya miaka mitano iliyopita inajidanganya.

Wengine wanasema ugonjwa wenye sauti kubwa ndio wenye pesa, tuwape wasio na sauti. Hapa kuna ushahidi mzito. Marekani ina watu kama 100,000 wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao wengi wetu tunauita siko seli, na karibu wote ni Weusi. Wenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu na kongosho unaowapata hasa Wazungu, hawafiki nusu ya idadi hiyo. Lakini pesa za utafiti kwa kila mgonjwa, hasa zile za mashirika ya hisani, zimekuwa mara nyingi zaidi kwa huo wa pili. Familia zenye uwezo zilijipanga mapema, zikaunda taasisi imara, na pesa ikafuata. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba mtoto wa selimundu apate kidogo.

Na michezo ina sababu yake ya kuujua ugonjwa huu. Mwaka 2007 Ryan Clark wa Pittsburgh Steelers, klabu ya NFL, mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, yaani aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu na haugui ugonjwa wenyewe, alicheza Denver, mji ulio juu kama mita 1,600. Mwili ukashindwa na uhaba wa oksijeni, akaishia kuondolewa bandama na kibofu cha nyongo. Januari 2012 timu yake iliporudi Denver kwa mechi ya mtoano, kocha alimzuia kucheza. Kapchorwa, wanakonolewa wakimbiaji wetu wakubwa, iko juu kuliko Denver. Kinasaba kimoja hakimzuii mtu kucheza na wengi hawapati tatizo lolote, lakini kocha anayepeleka kambi milimani bila kujua hali ya damu ya vijana wake anacheza kamari na maisha ya watu. Kupima kikosi kizima mara moja kunatosha, kwa kuwa kinasaba hakibadiliki.

Wapinzani wa hoja ya wasio na sauti nao wana lao. Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za barafu kwa ajili ya ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu ya misuli, ambao Wamarekani waliujua kwa jina la mchezaji wa besiboli Lou Gehrig. Kampeni ilisukumwa mbele na Pete Frates, naye mchezaji wa zamani wa besiboli, na shirika la ALS Association lilipokea dola milioni 115. Wakosoaji wakasema: ugonjwa wa watu wachache umemeza pesa za wengi. Sisi tunautetea mfano huu kwa sababu moja. Shirika lilieleza mgawanyo: asilimia 67 utafiti, 20 huduma kwa wagonjwa, 9 elimu, 2 gharama za kuchangisha na 2 ada za kupokea malipo. Hata aliyebisha chaguo la ugonjwa alikuwa na namba za kubishana nazo. Utafiti ule ulisaidia kutambua kinasaba cha NEK1 mwaka 2016.

Msimamo wetu, basi, ni kwamba wingi wa wagonjwa na ukimya wa ugonjwa vyote vizingatiwe, lakini vitanguliwe na swali la tatu: atakayeitikia mwito wetu atapokelewa na nani? Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, pale hospitali ya Mulago, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1995, iliharibika isitengenezeke. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa muda wote huo, mwanamke aliyeitikia bango la "wahi kupima", akakutwa na saratani ya mlango wa kizazi inayohitaji mionzi, alitakiwa kuvuka mpaka kwenda Nairobi au abaki na maumivu yake. Mwito ulikuwa wa kweli. Mlango ulikuwa umefungwa. Wanaoandaa Rotary Cancer Run walilielewa hili: tangu 2012 wamekuwa wakikimbilia kitu kinachoonekana kwa macho, wodi ya saratani ya hospitali ya Nsambya, kisha vyumba vya zege nene vya kuwekea mashine za mionzi. Mkimbiaji anaweza kwenda kuushika ukuta aliouchangia.

Shirika la Afya Duniani lina vipimo vitatu vya saratani ya matiti ambavyo klabu yoyote inaweza kuvitumia kupima mwito wake: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni, na asilimia 80 wamalize matibabu. Hapa kwetu wengi hufika hatua ya tatu au ya nne. Mwanamke anagusa uvimbe, anaambiwa asubiri, anatibiwa jipu, anarudi kijijini. Kunakili bango la Marekani la kipimo cha kila mwaka hakumsaidii mtu ambaye mashine ya karibu iko safari ya siku nzima. Pesa ileile ikilipia nauli na kipimo cha maabara cha kipande cha uvimbe, zile siku 60 zinawezekana.

Sasa tuingie kwa undani kwenye selimundu, maana ndiyo tunayoipendekeza kwa vilabu vya maeneo husika, na hapa tunasema bila kuficha kwamba tumechagua upande. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015 damu ya watoto wachanga 97,631 ilipimwa nchi nzima, kwa kutumia matone yaliyokuwa yamekusanywa kupima virusi vya UKIMWI. Asilimia 13.3 walikuwa na kinasaba kimoja, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Lakini ramani haikuwa sawa: kaskazini ya kati na mashariki ya kati zilikuwa juu, kusini-magharibi chini kabisa. Klabu ya Lira au Jinja ikichagua selimundu inagusa majirani zake. Klabu ya Mbarara inaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua jingine. Haki haidai wote wavae utepe mmoja.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtoto anachomwa kisigino, matone machache yanawekwa kwenye kadi, kadi inakauka kwenye hewa kwa saa kadhaa mbali na jua, inaingizwa kwenye mfuko wenye vifyonza unyevu, inasafirishwa na pikipiki za sampuli hadi maabara kuu ya taifa. Kinachoharibika mara kwa mara ni kadi kupakiwa kabla haijakauka, au tone kuwekwa juu ya tone. Kinachoharibika zaidi ni majibu kurudi na mama hapatikani, kwa sababu namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya jirani. Basi kama klabu yenu inataka kuchangia kitu kidogo chenye nguvu, lipieni muda wa maongezi na nauli ya mhudumu wa afya wa kijiji wa kuwafuata watoto waliogunduliwa. Mtoto akipatikana, anaanza penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo zake, chandarua, na hydroxyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kwa maelekezo ya daktari.

Kwenye hydroxyurea wafadhili wengi hukosea. Utafiti uliofanyika Mulago na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ni salama kwa watoto wetu hata penye malaria, kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 300. Kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500, na haikatiki katikati kama kidonge. Klabu inanunua makasha ya kapsuli, inapiga picha na hundi kubwa ya kadibodi, na mfamasia anabaki anakuna kichwa. Ulizeni kwanza: je, vinapatikana vidonge vya miligramu 100? Na dawa hii inataka hesabu kamili ya damu kupimwa mara kwa mara, kwa hiyo vitendanishi vya mashine viingie kwenye bajeti ileile. Ununuzi upitie njia ambazo hospitali hutumia, National Medical Stores kwa za serikali, Joint Medical Store kwa za dini, ili tusilete dawa iliyobakiza miezi miwili kuisha muda.

Na damu. Watoto hawa wanaihitaji, wenye upungufu wa damu wa malaria wanaihitaji, na kina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Wachangiaji wakubwa wa benki ya damu ya Nakasero ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa, Mei, Agosti na Desemba hadi Januari, friji hukauka. Chembe nyekundu hukaa siku 35 tu, hivyo chupa zilizojazwa Oktoba hazimfikii mgonjwa wa Krismasi. Klabu ina kitu ambacho hospitali haina: watu wazima elfu moja waliokaa mahali pamoja wakati wa likizo. Panga mechi mbili za Desemba na Januari kuwa za damu. Chupa moja ni mililita 450, mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Hema liwe kwenye kivuli, lifunguliwe muda wa saa tatu kabla ya mechi kuanza, soda na biskuti ziwepo, na wachezaji wenyewe watoe siku ya mapumziko, siyo siku ya mchezo. Hii haihitaji hata shilingi moja ya tiketi.

Tusipitilize mambo mengine ya mahema. Kupima shinikizo la damu kwa mtu aliyetoka kukimbia kilomita 10 au aliyekuwa akishangilia penalti ni kumtisha bure. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, na mkanda uwe wa saizi ya mkono wake. Akizidi 140 kwa 90 arudiwe, kisha aandikiwe kituo cha kwenda siku nyingine. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki ya maabara unahitaji kitanda, taa nzuri, vifaa vilivyochemshwa, dakika moja ya kusubiri baada ya kupaka na faragha kamili. Uwanjani havipo. Kinachofaa uwanjani ni kuandikisha miadi, au kutoa kijiti cha kujichukulia sampuli ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo ya mlango wa kizazi, kama maabara imekubali kuzipokea. Kwa binti wa miaka 10, nchi hii ina chanjo ya HPV tangu 2015, na mechi ya wasichana ya shule za msingi ni mahali pazuri mno pa kukumbushia wazazi.

Turudi kwenye mkataba, maana ahadi ni deni na deni huandikwa. Karatasi moja inatosha. Iseme ugonjwa upi, hospitali ipi, kitu gani na idadi yake, shilingi ngapi kwa kila tiketi au jezi, nani analipa gharama, na siku ya mwisho ya kukabidhi. Sisi tunashauri isizidi siku 30. Pesa isiingie kwenye simu ya katibu hata siku moja. Kila ukitoa taslimu kwenye pesa za simu unakatwa kodi ya asilimia 0.5 pamoja na ada ya mtandao. Kwa milioni 10 kodi peke yake ni 50,000, na juu ya hapo hakuna anayeweza kukagua simu ya mtu binafsi. Fungueni namba ya malipo iliyounganishwa na akaunti ya benki ya kampeni, yenye saini mbili, moja ikiwa ya upande wa hospitali. Mdhamini anayetaka mchango wake utambuliwe kwenye kodi ya mapato aandike hundi moja kwa moja kwa taasisi yenye msamaha wa kodi. Sheria inamkubalia hadi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi, na klabu ya kawaida haina msamaha huo.

Kuhusu wadhamini, kifungu kimoja zaidi. Pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti, hili halina ubishi wa kitabibu. Nembo ya kampuni ya pombe isikae pembeni ya utepe wa pinki kwenye kifua kimoja. Tunajua mikataba hiyo ndiyo inayolipa mishahara ya vijana wenu, na hatuwaambii muivunje leo. Kwa siku ya kampeni, jezi ivaliwe bila nembo hiyo, na hilo liandikwe mkataba unapohuishwa. Mwaka 2006 Barcelona ilivaa jina la UNICEF kifuani na badala ya kulipwa ikalipa, euro milioni 1.5 kwa mwaka, kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI. Klabu zetu hazina euro hizo, lakini kifua kimoja kwa mechi moja kinawezekana.

Na msimfunge mgonjwa kwenye mguu wa nyota mmoja. Mikanda ya njano ya Livestrong, taasisi ya kusaidia wagonjwa wa saratani, iliyoanza kuuzwa kwa dola 1 mwaka 2004, ilivaliwa na mamilioni ya watu, ikiwa imebeba jina la mwendesha baiskeli Lance Armstrong. Alipovuliwa mataji kwa kutumia dawa zilizokatazwa, mwaka 2012, wagonjwa walioitegemea taasisi ile waliumia kwa kosa lisilo lao. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya, alipojitangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi vya UKIMWI, alisema kama mgonjwa mwenyewe, na nchi ikamsikiliza. Kama yupo mgonjwa aliye tayari kusema, kwa ridhaa yake na bila kulipwa kwa machozi yake, apewe kipaza sauti kabla ya mchezaji.

Mtatuuliza kampeni ikae muda gani. Miaka mitatu kwa ugonjwa mmoja. Mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, tangu 2014, zimepokezana fistula, selimundu na UKIMWI kwa mtindo huo wa kukaa na jambo kwa miaka. Mwaka wa kwanza mtakosea mahesabu, wa pili mtarekebisha, wa tatu hospitali itaanza kuwategemea, kwa hiyo mwaka huo wa tatu andikeni pia nani atalipia dawa mkiondoka. Klabu inayobadilisha rangi kila mwezi haijifunzi lolote, na mtoto aliyeanzishiwa hydroxyurea kwa pesa za msimu mmoja anabaki na chupa tupu.

Wapo watakaosema klabu si wizara, mashabiki watoe kwa mioyo yao. Kweli, na bajeti ya afya ya serikali haijafikia ile asilimia 15 iliyoahidiwa na viongozi wa Afrika kule Abuja mwaka 2001. Deni hilo ni la wakubwa na tuwadai kwa jina lake. Lakini shabiki anayetoa 5,000 kwa moyo wake anastahili kusomewa risiti. Isomwe mapumzikoni, kwenye mechi ya nyumbani inayofuata: zimekusanywa kiasi hiki, zimekabidhiwa kiasi hiki, zimenunua hiki, zimebaki hizi. Inachukua chini ya dakika moja.

Nakala za mkataba wa karatasi moja ziko mezani, kwa Kiswahili na Luganda. Kabla hamjatoka, kila klabu iandike kwenye orodha tarehe mbili za damu, moja ya Desemba na moja ya Januari, tuzipeleke Nakasero ili timu mbili zisiombe magari yaleyale siku moja. Kalamu ziko kwa afande pale mlangoni.